Usiku wa Mwisho Pangoni

Nimeamka nikiiwaza Cavern Club, yaani Klabu ya Pango, ya Liverpool, Uingereza: chumba cha matofali chini ya ardhi, joto kali, kuta zikitoka jasho. Vijana wa bendi ya Beatles walipiga humo mara karibu 300. Tarehe 3 Agosti 1963 wakapiga kwa mara ya mwisho. Mwezi huohuo ukatoka wimbo wao She Loves You, na pango likawa dogo kwao.

Namfikiria binti aliyezoea kuwafuata mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, mkate mkononi. Vijana wake sasa ni wa nchi nzima. Afurahi? Mimi, nisikufiche, ningenuna. Namwona akipanda ngazi kutoka pangoni hadi mtaa wa Mathew Street, nywele zimelowa, masikio bado yanavuma.