Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 14: Rukhsa na Haki ya Jirani



Ndugu zangu, jana baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, nikiomba ruhusa kwa wakubwa nikapewa, bado jirani ana dai kwangu?" Swali lake limenikumbusha uzio wangu.

Nyumba yetu iko kwenye kona ya barabara mbili. Miji mingi hapa Marekani huhesabu kiwanja cha kona kuwa kina mbele mbili, na uzio wa mbele mara nyingi hauruhusiwi kuzidi futi 4. Mimi nilitaka futi 6, ili mke wangu na mabinti wakae uani kwa sitara. Njia ipo: unaiomba bodi ya mji ikuondolee sharti. Unajaza fomu, unalipa ada, majirani wanatumiwa barua, kisha kinafanyika kikao cha wazi. Unatakiwa uonyeshe kwamba shida imetokana na kiwanja chenyewe, hukujitakia.

Hili si geni kwetu. Mgonjwa na msafiri wana rukhsa ya kula mchana wa Ramadhani kwa sababu uzito wao ni wa kweli. Na wanazuoni wetu wamefundisha kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa hiyo kuomba kuondolewa sharti si aibu wala ujanja.

Lakini fomu ilikuwa na swali jingine: je, uzio huu utamdhuru jirani? Nikaandika "Hapana", nikatia saini. Na nilikuwa nimefunga! Usiku ule usingizi haukuja. Nilimuuliza nani? Nimetoa ushahidi juu ya haki ya mtu, na mtu mwenyewe yuko hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu.

Asubuhi nikaenda kubisha hodi. Mzee yule, ambaye si Muislamu, hakubishana nami. Alinipeleka kwenye gari lake, akanikalisha kiti cha dereva, akaniambia nitazame nyuma. Basi nikaelewa. Ningejenga nilivyotaka, akirudi kinyumenyume asingemwona mtoto wa baiskeli mpaka awe nyuma ya gari. Na watoto wanaopita pale kila siku ni wanangu.

Nikabadilisha ombi: karibu na njia ya gari lake futi 3, kwingine 6. Bodi ikakubali.

Kijana wangu, jibu ndilo hilo. Rukhsa ya mgonjwa, mzigo wake anaubeba mwenyewe. Akipona atalipa siku zake. Rukhsa ya uzio, mzigo wake anaweza kuubeba jirani. Bodi inaweza kukusamehe sharti lake, lakini haki ya jirani haiwezi kuisamehe, maana si yake. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Jibril alimuusia sana juu ya jirani, mpaka akadhani jirani atapewa fungu la urithi.

*Jiulize leo:* ni mtu gani umemsemea kwamba hadhuriki, na hujawahi kumuuliza? Kabla ya futari, mpigie hodi.

Ewe Mola wetu, takabali swaumu zetu, na utujaalie majirani wasioogopa kuishi karibu nasi. Amin.