Sanamu Isiyo na Majina

Msomaji, ukipita katika Kenyatta Avenue mjini Nairobi utawaona watu watatu wa shaba wamesimama juu ya jiwe. Mmoja wao ni mpagazi. Wengine ni wapiganaji wenye silaha. Sanamu hizi zilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, zikasimamishwa mwaka 1928, ziwe ukumbusho wa Waafrika waliotumika na kufa katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo huwasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha huahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lizunguke jiwe lile pande zote, ulitafute jina hilo lililoahidiwa. Hutaliona hata moja.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulifikiri pamoja: Je, mtu aliyeheshimiwa bila kutajwa jina ameheshimiwa?

Ili tulijibu vema, na tuvuke bahari kwa fikira twende katika vijiji vya Uingereza. Huko, vita ilipokwisha, karibu kila kijiji kilisimamisha msalaba au mnara wake, aghalabu karibu na kanisa au katika uwanja wa kijiji. Sababu yake inagusa moyo. Serikali ilikuwa imekataza maiti za askari zisirudishwe nyumbani. Kila mtu alizikwa katika nchi aliyofia. Basi mama aliyefiwa na mwanawe hakuwa na kaburi la kuzuru. Wanakijiji wakachanga fedha, wakafanya mikutano, wakabishana: tujenge msalaba, au ukumbi, au kitu kingine cha manufaa? Lakini katika jambo moja hawakubishana sana, nalo ni majina. Majina yalichongwa jiweni, mara nyingi kwa kufuata herufi, mtoto wa tajiri akawa chini ya mtoto wa mchunga kondoo kwa kuwa herufi yake ilitangulia. Jiwe likawa kaburi kwa wasio na kaburi, na mama aliweza kugusa jina la mwanawe kwa kidole.

Kadhalika Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917, iliweka kanuni njema: kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya mnara, na pasiwe na tofauti ya cheo. Kanuni hiyo ilitimizwa Ulaya kwa bidii ya kustaajabisha. Katika mnara wa Thiepval nchini Ufaransa yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani.

Sasa turudi kwetu. Vita ilipoingia Afrika Mashariki, palikuwa na njia chache za reli na barabara, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Jeshi haliwezi kwenda bila chakula na risasi, kwa hiyo mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Wengine walijiandikisha kwa ujira. Wengi walishikwa kwa nguvu ya sheria. Walitembea mamia ya maili kwa chakula haba, wakafa makumi ya maelfu, si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara, homa na uchovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakor, mtaa wa Nairobi, na Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam. Watu hununua ndizi na kanga mahali penye jina la wafu wale bila kujua.

Walipokufa, kanuni njema ile haikuwafuata. Mapema katika miaka ya 1920 wakubwa walikubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori, na badala ya majina ziwekwe sanamu. Miongoni mwao walikuwamo waliodai kwamba Mwafrika hajali kaburi wala jina lililoandikwa. Ajabu ya madai hayo! Katika jamaa nyingi za Kenya mtoto hupewa jina la babu yake ili babu asitoweke duniani. Watu wanaobeba majina ya wafu wao kila siku waliambiwa kuwa hawajali majina.

Pengine utanipinga, na ni vema unipinge. Utasema: wafu walikuwa wengi mno, nani angeweza kuwaandika wote? Nami nitakujibu kwamba Thiepval imekwisha tuonyesha kuwa wingi si kizuizi penye nia. Utasema tena: hata London wana mnara usio na jina, na katika kanisa la Westminster amezikwa tangu mwaka 1920 askari asiyejulikana. Ni kweli. Lakini mnara ule usio na jina umezungukwa na maelfu ya minara yenye majina, na askari yule ni mgeni mmoja katika nyumba iliyojaa jamaa waliotajwa. Kutokuwa na jina kwake ni bahati mbaya ya vita. Kutokuwa na majina kwa wapagazi wetu kuliamuliwa mezani, kwa kalamu.

Kuna pingamizi la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Utasema: vita ile haikuwa yetu. Wafalme wa Ulaya waligombana, na babu zetu walibebeshwa mizigo ya ugomvi huo. Kwa nini basi tukumbuke utumwa? Nami sikatai kwamba vita haikuwa yetu. Lakini waliokufa walikuwa wetu. Kumkumbuka mtu si kusifu kazi aliyolazimishwa kuifanya. Aliyekwenda kwa hiari alikuwa na sababu yake na yawezekana iliridhisha moyo wake. Aliyechukuliwa kwa nguvu hakubakiwa na kitu cha kumfariji ila haki, na haki hiyo tusipompa sisi hana wa kumpa. Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Ikiwa hata adui anastahili haki yake, seuze babu?

Mwaka 2021 Tume ile ile ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi ni kitu chema, ingawa ilikawia miaka mia. Lakini radhi haichongi jina. Jina huchongwa na anayelijua.

Basi, msomaji kijana, hapa ndipo swali letu linapokufikia wewe. Naona kwamba sanamu ile ya Nairobi ni nusu ya heshima. Inasema kwamba watu walikufa. Haisemi ni nani. Mchongaji alitupa nyuso, wakubwa walizuia majina, na nusu iliyobaki si lazima ingoje serikali wala shaba. Yumkini nyumbani kwenu lipo jina la mtu aliyekwenda asirudi, katika vita ile ya kwanza au katika ile ya mwaka 1939 hadi 1945. Waulize wazee wako wangali hai. Liandike jina hilo, na jina la mahali alikotoka, na la aliyemlilia. Kijiji chenye daftari moja la majina kumi kina ukumbusho wa haki zaidi kuliko mji wenye sanamu ya shaba isiyomtaja mtu.

Ahadi iliyoandikwa chini ya jiwe lile ilikuwa juu ya wana, kwamba wao watakumbuka. Walioiandika hawakutuachia orodha. Hata hivyo ahadi imebaki, na wana ni sisi.