Jiko Halilali na Watu

Katika vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, aliishi bibi mmoja katika nyumba aliyojengewa na mumewe walipokuwa vijana: kuta nene za udongo, paa la nyasi, na mafiga matatu katikati. Moshi ulipenya kwenye nyasi ukaenda zake. Macho ya bibi yaliwasha na kifua kilimsumbua, lakini kila asubuhi aliamka.

Mjukuu wake, fundi wa rangi jijini Nairobi aliyemwita Susu, alimwonea huruma. Alirudi na fedha, akang'oa nyasi na kuezeka mabati. Nyufa za kuta akaziziba kwa saruji. Akatia madirisha ya vioo na mlango wa chuma, na pengo lililokuwa kati ya ukuta na paa akalijaza matofali. Majirani walikuja kutazama, wakasifu. Bibi naye akahamishia mafiga yake katika kibanda cha fito nyuma ya nyumba, akawa anapika na kulala huko.

Mwezi wa Julai kijana alikuja likizo na mkewe na mtoto wao mdogo. Wasafiri wengi huijua Ukambani ya jua na vumbi, ile ya Kibwezi na Makindu kando ya barabara ya Mombasa. Lakini kaunti ya Makueni hupanda kutoka mita 600 hivi nyandani hadi karibu mita 1,900 vilimani, na kila mita 1,000 za kupanda huondoa nyuzi kama 6 za joto. Julai ukungu huvilalia vilima vya Mbooni na Kilungu, na mabati yasiyo na dari chini yake hupoa mara tu jua linapotua.

Usiku mmoja baridi ilizidi. Kijana akawasha jiko la makaa uani, akalipepea mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, kisha akalibeba kuelekea chumbani. Bibi alimkuta mlangoni.

"Mwanangu, huo moto utatokea wapi?"

"Susu, makaa yamekolea, hayana moshi tena. Na karai la maji nimeshaweka."

"Wangu ulikuwa na nyasi za kutokea. Wako umeuwekea mabati."

"Hayo ni ya zamani, Susu. Nenda ulale."

Bibi hakubishana. Alimbeba kitukuu mgongoni, akasema huyu ataota moto naye kibandani. Kijana akafunga madirisha, akasokota gunia na kulibana chini ya mlango, wakalala.

Kulipokucha mlango haukufunguliwa. Bibi aligonga, akaita, kisha akapiga mayowe. Majirani walipouvunja walimkuta kijana sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni, akikoroma. Mkewe alikuwa kitandani, amejifunika vizuri, midomo na viganja vimeiva wekundu. Alikuwa amekwisha kufa. Mtu mmoja akakimbilia maziwa ya kumnywesha kijana; mwingine, mwenye akili zaidi, akakimbilia gari. Hospitalini aliwekewa oksijeni, akapona. Lakini kwa miezi mingi mikono yake ilitetemeka, na alisahau hata majina ya rangi alizozichanganya miaka yote.

Watu wa kisa hiki ni wa kubuni. Kifo chenyewe si cha kubuni: msimu wa baridi ukifika, habari za watu waliolala na jiko wasiamke husikika tena nchini Kenya.

Kijana yule alifanya mambo mawili. Alizuia upepo, na aliwasha moto. La kwanza ni jema kwa kila nyumba kuukuu. La pili bibi yake alilifanya maisha yake yote akazeeka. Yalipokutana katika chumba kimoja, yaliua. Nyufa alizoziona kama ubovu wa nyumba ndizo zilizokuwa zikiwalinda waliolala humo.

Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Moshi ukiisha, gesi haijaisha. Makaa mekundu, hata yaliyofunikwa na majivu, huendelea kuitoa. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Anayevuta gesi hii hahisi kukabwa. Huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na miguu hulegea kabla hajajua kuna hatari. Ndiyo maana wengine huokotwa karibu na mlango walioshindwa kuufungua. Wajawazito na watoto wachanga ni miongoni mwa walio hatarini zaidi.

Karai la maji halisaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Maziwa nayo hayaitoi katika damu, na kumnywesha mtu aliyezimia ni kumpalia. Dawa ni hewa. Fungua milango na madirisha, mtoe mgonjwa nje, mfikishe hospitali yenye oksijeni. Katika hewa ya kawaida gesi hupungua kwa nusu mwilini baada ya muda wa saa nne hadi sita. Kwa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Na watu wa nyumba moja wakiamka wote na maumivu ya kichwa bila homa, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, msikimbilie kusema ni malaria. Litazameni jiko.

Kaunti za Kitui na Makueni zinayajua makaa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti, na mjadala ukawa mkali kuhusu miti, mvua na riziki ya wachomaji. Mjadala huo ulikuwa wa haki. Ule wa chumba cha kulala nao unastahili makelele kama hayo.

Nyumba kuukuu inaweza kupata joto bila moto ndani. Anza juu, kwani joto hupanda na kutorokea kwenye mabati: weka dari, hata ya mikeka au magunia ya mkonge yaliyoshonwa pamoja. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo uliochanganywa na samadi, kama walivyofanya wazee, ila acha tundu la hewa juu ya dirisha. Fungua madirisha jua likiwaka, yafunge alasiri kabla ubaridi haujaingia. Ukuta mnene wa udongo au tofali hutunza joto la mchana hadi usiku. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, tandika mkeka chini ya godoro, na uingie kitandani na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Ukitaka kuota moto, ota jikoni au uani, pamoja na wenzako, kisha uuache huko.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa kisa hiki aliyapata akiwa bado kijana. Wewe unayesoma haya, usiku wa leo kabla ya kufunga mlango, toa jiko nje. Ukimwona jirani analiingiza ndani, mwambie. Akikuambia makaa hayana moshi, mwambie tena.