Nyangumi Hapangiwi Saa



Kijana mwenzangu wa Kashaulili, na wewe wa Makanyagio, Nsemulwa, Ilembo, na wewe uliyesafiri mbali kutafuta maisha lakini bado unatusoma. Leo nataka tuongee habari za nyangumi.

Najua utasema, Mpanda na nyangumi wapi na wapi? Maji makubwa tuliyo nayo sisi ni Ziwa Tanganyika kule Karema, na humo hakuna nyangumi. Mnyama wetu mkubwa wa majini ni kiboko. Na kiboko, tuseme ukweli, hatumbembelezi. Nenda Sitalike, au ingia Hifadhi ya Katavi mpaka Ikuu miezi hii ya kiangazi. Mto Katuma umebaki madimbwi, viboko wamelaliana kwenye tope, mmoja kaweka kidevu mgongoni mwa mwenzake. Hata ukifika saa saba mchana, umechelewa na jua kali, utawaona tu. Hawana pa kwenda.

Sasa miezi hiyo hiyo, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, huko kwenye Bahari ya Hindi kuna msafara unapita. Nyangumi wa nundu wanatoka kwenye maji ya baridi karibu na Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, wanapandisha pwani ya Afrika: Msumbiji, kisha pwani yetu, kisha Kenya. Wanakuja kwenye maji ya uvuguvugu kutafuta wenza na kuzaa. Mkubwa wao hufika mita 13 hadi 16, yaani anazidi basi unalopanda kwenda Tabora, na uzito wa tani 30 kwake si ajabu. Ndama anazaliwa na mita kama 4. Mama anamnyonyesha huku yeye mwenyewe karibu hali kitu kwa miezi, kwa sababu chakula chake, uduvi, amekiacha kule kwenye baridi. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Hilo la mama kufunga ili mtoto anyonye, nadhani akina mama wa soko letu hawahitaji kuelezwa.

Mnyama mkubwa hivyo, lakini tofauti na kiboko wa Ikuu, hana miadi na mtu.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa Watamu, pwani ya Kenya, jirani na Malindi. Tulikwenda kwenye harusi ya ndugu. Wenyeji wakatuambia huu ndio msimu, kuna manahodha wanaopeleka watu baharini kuangalia nyangumi. Tukachanga, tukaenda. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kiislamu, mvuvi wa miaka mingi kabla hajaanza kupeleka wageni. Kabla hatujapanda boti alitusimamisha pale mchangani akasema: "Wanangu, mimi nitawafikisha wanapopita. Nyangumi mwenyewe si wangu. Akitoka ni riziki yenu. Asipotoka, mmeiona bahari."

Kijana mmoja wa kwetu akauliza kama nyangumi asipoonekana hela inarudi. Mzee akacheka. "Hela ni ya mafuta, mwanangu. Nyangumi hajauzwa."

Tulitoka alfajiri. Ule ni msimu wa kusi, bahari haina utani. Sisi watu wa bara tulitapika hadi tukasahau kilichotuleta. Tulipovuka mwamba na kufika kwenye kilindi, mzee akazima mashine. Kimya. Maji yanapiga ubavu wa boti, basi. Akatuambia tusitafute mnyama, tutafute pumzi: nyangumi huzama dakika tano, kumi, kumi na tano, na anaweza kukaa hata nusu saa, lakini lazima arudi juu avute hewa. Tukakaa. Saa nzima. Saa na nusu. Wengine wakaanza kushika simu, ingawa mtandao ulikuwa umeshakata.

Halafu mzee akanyoosha mkono, hakusema neno. Mbali kidogo, pumzi iliruka juu kama mvuke wa sufuria ikifunuliwa. Mgongo mweusi ukapita. Kando yake pumzi nyingine, ndogo. Mama na mtoto. Zilikuwa sekunde chache, mkia ukainuka, maji yakafunga. Yule kijana wa hela akapiga kelele, "Mzee, washa, tuwafuate!" Mzee akakataa katakata. Nyangumi haendewi kwa mbele wala kwa nyuma, na mwenye mtoto ndiyo kabisa; sehemu nyingi duniani kanuni ni kubaki mita 100 mbali naye. "Ukimkimbiza anazama," alisema. "Ukitulia, pengine atakuja mwenyewe." Hawakuja tena. Tukarudi.

Kwa nini nawasimulia haya yote? Kwa sababu ya ujumbe niliotumiwa wiki mbili zilizopita na binti mmoja wa hapa hapa kwetu. Ameniruhusu niandike, bila jina. Baba yake amepooza upande mmoja tangu mwaka jana. Mama anauza nyanya na dagaa, na hiyo ndiyo nyumba nzima. Binti amemaliza chuo, kazi hajapata. Kuna mtu kamwambia: lete mbegu ya laki tatu, Ijumaa saa tatu usiku baba yako atasimama. Mtaji wote wa mama ni laki tatu na nusu.

Akaniandikia hivi: "Kaka, nimesali novena tatu. Nimefunga. Nimekwenda kuabudu kila Alhamisi. Sioni kitu. Kule angalau wanasema ni lini."

Nimekaa na neno hilo siku nyingi: *angalau wanasema ni lini*. Jamani, hilo neno ni zito. Mtu aliyechoka hahitaji mengi, anahitaji tarehe. Mwenye kuuza tarehe anajua hivyo. Na sisemi dhehebu la mtu hapa, maana hata miongoni mwetu wapo wanaogeuza novena kuwa risiti: nimelipa siku tisa, sasa nipe.

Sasa fungua Injili ya Mathayo, sura ya 12, kuanzia mstari wa 38. Waandishi na Mafarisayo wanamwendea Yesu wanataka awaonyeshe ishara. Yesu anawakatalia. Anasema hawatapewa ishara nyingine isipokuwa ile ya nabii Yona. Kitabu cha Yona chenyewe kinasema samaki mkubwa. Tafsiri zetu za Mathayo ndizo zilizotuzoesha nyangumi. Lakini ona jambo la ajabu. Huyu ni Yesu aliyeponya vipofu, viwete, wenye ukoma, tena yule mwenye kupooza aliyeshushwa kwa paa. Miujiza anayo. Na kati ya hao wote aliowaponya, hakuna hata mmoja aliyemlipa, wala hakuna aliyepangiwa Ijumaa. Anachokataa ni kuagizwa.

Na ishara aliyowaachia ni ipi? Mtu gizani siku tatu. Yona ndani ya samaki haoni kitu. Hajui kama kesho atatapikwa nchi kavu au atasagwa. Sura ya pili yote ya kitabu kile ni sala ya mtu aliye chini, maji juu ya kichwa, majani ya bahari yamemzunguka. Hakuna aliyemwambia ni lini. Na Yesu anasema: hiyo ndiyo ishara yangu. Maana yake Jumamosi Kuu. Kaburi limefungwa, wanawake wako nyumbani, mitume wamejificha, na kwa macho hakuna kitu kabisa kinachoendelea. Ila kinaendelea.

Dada yangu, unaposema "sioni kitu", hujatoka nje ya imani. Uko mahali ambapo imani yetu imewahi kukaa.

Mama Teresa wa Kalkuta mnamjua wote, yule wa sari nyeupe yenye mistari ya bluu. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2007 barua zake zikachapishwa, na dunia ikashangaa: karibu miaka hamsini, tangu aanze kuwahudumia maskini, alikuwa hasikii chochote moyoni akisali. Giza. Ukavu. Alfajiri alikuwa kwenye Misa, kisha barabarani kuokota wanaokufa. Wapo waliosoma barua hizo wakasema, kumbe hakuwa na imani. Kanisa likasoma barua hizo hizo, na tarehe 4 Septemba 2016 Papa Fransisko akamtangaza Mtakatifu.

Au chukua Lourdes, Ufaransa. Bikira Maria alimtokea Bernadeta mwaka 1858. Tangu hapo mamilioni wamekwenda, maelfu wamesema wamepona, na madaktari wanachunguza kila kisa kwa miaka. Mpaka mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limethibitisha miujiza 70. Sabini! Kwa miaka 160! Muuza tarehe atakwambia kwake ni sabini kwa mwezi. Na maji ya Lourdes huchoti kwa pesa. Mabomba yako pale, unajaza chupa yako unaondoka. Tena Bernadeta mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua, na alifariki mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Yeye aliyechimba chemchemi kwa vidole vyake. Hakuahidiwa furaha ya dunia hii, na hakuona kama ametapeliwa.

Wapo watu waliochoka kusubiri nyangumi, wakaamua kumpata kwa nguvu. Karne iliyopita meli zilishuka kusini na mizinga ya kurushia mikuki, wakaua nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 upande wetu wa kusini mwa dunia. Mafuta, sabuni, mbolea. Walipata walichotaka kwa tarehe waliyotaka, na bahari ikabaki karibu tupu. Mwaka 1963 mataifa yakapiga marufuku kuwawinda kusini. Wengine waliendelea kwa kificho, lakini polepole walirudi. Hao tuliowaona Watamu ni wajukuu wa waliosalimika. Namkumbuka pia Simoni mchawi, Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyewawekea mitume fedha mezani ili naye apate uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu. Petro alimjibu kwa ukali ambao sisi viongozi wa vijana siku hizi tunauogopa.

Hapa nisimamishe kidogo, maana mfano wangu una mwisho wake. Baharini unaweza kukaa siku nzima na chini ya boti yako kweli hakuna nyangumi. Alhamisi kwenye kuabudu siyo hivyo. Aliye ndani ya monstransi yupo. Yupo ukisikia joto moyoni, yupo ukisinzia, yupo ukiwaza ada na dagaa. Kinachokuja na kuondoka kama mgongo wa nyangumi ni ile faraja, yale machozi matamu, ile hali ya "leo Mungu ameongea nami". Hiyo hatuidai. Ikija tunashukuru. Isipokuja, hatuwashi mashine kuikimbiza kwa makelele na mafuta ya kununua.

Je, basi tusiombe baba apone? Tuombe, tena bila aibu! Taja ugonjwa kwa jina lake. Lia ukitaka. Yule mwanamke Mkanaani alimng'ang'ania Bwana hadi wanafunzi wakakereka, na akapewa. Mwite paroko aje na Mpako wa Wagonjwa. Wengine wanadhani ni wa anayekata roho tu, wanaogopa hata kuutaja nyumbani. Siyo. Ni sakramenti ya mgonjwa, na hauna bei. Na baba apelekwe kliniki, afanyishwe mazoezi ya viungo mkono na mguu kila siku kama alivyoelekezwa, maana aliyepooza akilazwa tu viungo vinakakamaa. Hiyo nayo ni sala, tena ya kutoa jasho.

Na ile laki tatu, mdogo wangu, ni ya nyanya. Mama ameipata asubuhi kwa asubuhi. Usiiguse.

Nilimjibu hivyo. Alinyamaza siku tatu, nikaogopa. Kisha akaandika kwamba Ijumaa imepita, hakwenda, na baba bado amelala vilevile. Lakini anauliza: alipokuwa anamwogesha, baba alimshika mkono kwa ule mkono mzima akaushikilia muda mrefu, na tangu augue alikuwa hataki kuguswa. "Hiyo ni kitu, kaka, au si kitu?"

Sijamjibu kwa simu. Swali kama hilo halijibiwi kwa meseji.

Jumamosi hii vijana tunatembelea wagonjwa wa mitaa yetu, nyumba tano. Padre amekubali kuja na mafuta matakatifu. Tukutane kanisani saa tisa alasiri, kila mtu na rozari yake, na mwenye nafasi abebe unga au sabuni. Tukifika tutasali taratibu, bila kupaza sauti, kisha tutakaa. Msiwe na haraka ya kuondoka.