Miguu ya Mfalme Asa

Katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, kuna mfalme wa Yuda aitwaye Asa. Mwaka wa 39 wa utawala wake alishikwa na ugonjwa wa miguu ukamzidi sana, na mwandishi anamlaumu kwamba hata hapo hakumtafuta Bwana, alitafuta waganga. Mwaka wa 41 akafa. Sidhani kama kuna mzee mwingine wa kanisa hapa Ubaruku aliyeisoma sura hiyo kama mimi. Ugonjwa wangu nao uko miguuni, na ndani ya njumu zangu mna soli nilizotengenezewa na fundi.

Mimi ni beki wa kulia wa maveterani. Watu wa mpira wanaijua Ubaruku kwa tarehe 29 Novemba 2022, siku timu yetu ya Ihefu ilipoifunga Yanga 2–1 kwenye uwanja wa Highland Estates na kuukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida na jina ikabadilisha. Tuliobaki ni sisi wa Jumamosi jioni, wenye vitambi na kelele nyingi, tunaokimbilia uwanja wa shule ambao ikifika Agosti udongo wake wa mfinyanzi umekauka mpaka kila hatua inagonga kichwani. Kisigino changu kilianzia hapo.

Madaktari wanauita plantafashaitisi. Chini ya unyayo upo utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Vidole vikikunjwa juu wakati kisigino kinanyanyuka, utando huo unavutwa na tao la mguu linapanda. J. H. Hicks, aliyekuwa akifanya kazi Birmingham, aliueleza mwaka 1954 kuwa unafanya kazi kama winchi. Ukibebeshwa kuliko uwezo wake, unaanza kuuma pale uliposhikia mfupa, na dalili yake kila mgonjwa anaijua: hatua ya kwanza asubuhi. Unashuka kitandani, unakanyaga sakafu, na kabla hujasema Baba Yetu umeshasema neno jingine.

Wakati wa kupandikiza mpunga sikuwa na shida. Jaruba ni laini, mguu unazama, vidole vinafanya kazi ya kung'ang'ania tope. Ndiyo maana wazee wengi huku, waliolima peku Usangu maisha yao yote, wanaona jambo hili ni rahisi: viatu ndivyo vilivyotuharibu, na Mungu hakumuumba mtu na soli. Hoja hiyo ina uzito kuliko vijana wanavyodhani. Lakini Mungu hakuumba pia uwanja uliokaushwa na jua na dakika tisini za kumkimbiza mwalimu wa sekondari mwenye miaka ishirini na tisa aliyejipenyeza kwenye maveterani. Na anayetaka kumleta Abebe Bikila kama shahidi wa mguu peku, amlete mzima. Roma, mwaka 1960, Mwethiopia huyo alishinda marathoni bila viatu kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri, na mazoezi ya peku alikuwa ameyazoea. Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena, na kwa kasi zaidi, akiwa na viatu. Mara zote mbili alitafuta kilichomwacha akimbie. Sijasikia mahubiri yoyote juu ya Tokyo.

Mzee mwenzangu wa baraza, mtu ninayemheshimu, aliniambia tukitoka ibadani: "Ndugu yangu, unamwomba Mungu akuponye, na jibu umeshalivaa mwenyewe kiatuni." Halafu akanitajia Asa.

Nilirudi nyumbani nikaisoma sura yote, si ule mstari tu. Miguu ya Asa ni mwisho wa habari. Kabla yake, Baasha wa Israeli alipomsonga, Asa alitoa fedha na dhahabu katika nyumba ya Bwana akampelekea Ben-hadadi wa Shamu ili amnunue awe upande wake. Mpango ukafaulu. Mwonaji Hanani alipomwendea kumwambia ukweli, mfalme alikasirika akamtia gerezani, na wengine katika watu akawaonea. Miguu ilipoanza kuuma, basi, Asa alikuwa ameshazoea kuzungukwa na watu wa kulipwa, na yule wa kumwambia asichopenda alimfungia mwenyewe. Waganga walikuwa wa mwisho tu katika foleni ya watu aliowalipa. Mwandishi hasemi kwamba dawa ni dhambi. Anatuonyesha mtu aliyeacha kuuliza swali lolote ambalo jibu lake halinunuliki.

Kwa hiyo kinachonihusu mimi si kama naruhusiwa kuvaa soli. Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hakumwambia afunge na kuomba mpaka tumbo litulie. Hata ule mwiba wake ambao wahubiri wanaupenda mno, aliomba mara tatu uondolewe, hakuupenda. Kinachonihusu ni hiki: ninapovaa soli, natarajia nini kutoka kwake?

Fundi aliyenitengenezea ni kijana anayefanya kazi Mbeya mjini, aliyesomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC kinachofundisha kazi hiyo tangu mwaka 1981. Alipima mguu, akakata, akanipa, na kabla sijaondoka akasema: "Mzee wangu, hizi siyo dawa. Hizi ni za kukuvusha."

Baadaye nilikuja kuona kwamba maneno yake yana ushahidi. Mwaka 2006 Karl Landorf na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wa wagonjwa 135. Wengine walipewa soli za kutengenezewa kwa kipimo cha mguu, wengine soli za dukani, na wengine soli za uongo, sponji laini tu. Miezi mitatu ilipopita, wenye soli za kweli walikuwa wakiitumia miguu yao vizuri kidogo kuliko wenzao. Miezi kumi na miwili ilipotimia, makundi yote yalikuwa sawa, na yote yalikuwa yamepata nafuu. Hata wa sponji.

Muumini anaweza kuusoma utafiti huo akashangilia: unaona, soli si kitu! Mimi nauona kinyume. Kisigino, kwa wengi wetu, kinapona kwa muda, na muda hakuna fundi anayeuuza. Soli inaniwezesha kuupitisha muda huo nikiwa bado mtu wa kutembea, wa kwenda shambani, wa kucheza hata nusu ya mchezo. Na maombi yangu, nikiyachunguza bila kujipendelea, yanaomba hicho hicho: siku zipite nisivunjike moyo kabla hazijaisha. Sioni vipi vitu viwili vinavyonisaidia kungoja viwe washindani.

Kungoja huko si kukaa, lakini. Michael Rathleff wa Denmark, mwaka 2014, alionyesha kwamba wagonjwa wenye soli waliokuwa wakinyanyua visigino kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa chini ya vidole, polepole, siku moja ndiyo na nyingine hapana, walikuwa na nafuu zaidi miezi mitatu ilipopita kuliko waliojinyoosha tu. Mimi nafanya kwenye kizingiti cha mlango, na kanga ya mke wangu. Anajua.

Sasa starehe. Kuna wachezaji wanaoona haya kuitafuta, kana kwamba soli isiyouma haifanyi kazi. Si kweli. Soli nzuri unaisikia ipo chini ya tao la mguu, haikuchomi. Toa kwanza soli nyembamba iliyokuja na kiatu, itumie kama ramani ya kukatia mpya. Ukiziweka zote mbili kisigino kinapanda na kiatu kinaanza kuchubua. Vaa nyumbani saa moja, kesho mbili, ukiwa na raba na soksi unazochezea, kabla hujathubutu kuziingiza kwenye njumu. Njumu ni nyembamba, kwa hiyo nyingi zinataka soli fupi inayoishia kabla ya vidole. Na kama njumu zako ni za mtumba, zigeuze uangalie kisigino: aliyezivaa Ulaya amezilaza upande wake, na soli nyoofu ukiiweka juu ya kiatu kilichopinda, nayo itapinda.

Ipo hoja moja ya mzee mwenzangu ambayo sikuweza kuipuuza. Maumivu, alisema, ni mjumbe. Ukimfunga mdomo umefanya kama Asa kwa Hanani. Ni hoja nzuri, na ningeshindwa kuijibu kama soli zingevaliwa usiku. Hazivaliwi. Asubuhi nashuka peku, na hatua ile ya kwanza inaniambia kama jana nilizidisha. Ikiwa kali kuliko ya jana yake, Jumamosi sichezi, soli au bila soli. Mjumbe wangu hajafungwa. Anazungumza mapema, nami nimeacha kumtukana.

Baada ya mavuno ya mwaka huu nilipeleka sadaka ya shukrani, gunia la mpunga, na nilipopewa nafasi ya kusema ninachoshukuru nilisema mvua, watoto, kisigino, na fundi mmoja wa Mbeya. Mzee mwenzangu aliniita pembeni akasema shukrani za madhabahuni hazitaji mafundi. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana, mahali palepale, alishukuru kwa ajili ya mashine yake mpya ya kukoboa, na aliitaja mpaka na nguvu ya mota.