Ruhusa ya kufuga mbwa si ruhusa ya kumdhulumu

Kila linapozuka suala la mbwa miongoni mwa Waislamu, swali huwa ni moja tu: inafaa au haifai? Masheikh huulizwa misikitini na redioni, na jibu hutafutwa kwa upande wa mfugaji peke yake. Je, thawabu zake zitapungua? Nguo yake ikilambwa afanye nini? Ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza upande wa pili: huyo mbwa mwenyewe atakuwa na haki gani juu yangu siku nitakapomwingiza getini?

Swali hili la pili lina uzito mkubwa katika miji yetu. Wizi wa majumbani umewasukuma watu wengi kutafuta mbwa wa ulinzi, na wenye uwezo hawataki tena mbwa wa kienyeji. Wanataka German Shepherd, Rottweiler, na siku hizi Malinois wa Ubelgiji. Huyu wa mwisho sifa zake zimeenea duniani, hasa baada ya vyombo vya habari kuripoti kuwa mbwa wa aina yake alikuwamo katika kikosi cha Marekani kilichovamia nyumba ya Osama bin Laden mjini Abbottabad, Pakistan, mwezi Mei 2011. Baba mwenye watoto wanne na kiwanja kidogo kule Tabata au Mbagala anasikia sifa hizo, anaona huyo ndiye atakayeilinda familia yake.

Lakini ni vema tujiulize, mbwa huyu ni nani hasa? Malinois amepewa jina la mji wa Malines, na kazi yake ya asili ilikuwa kuchunga kondoo. German Shepherd naye ni mbwa wa wachungaji wa Ujerumani, na chama cha kumkuza kilianzishwa na Max von Stephanitz mwaka 1899. Rottweiler alikuwa akiswaga ng'ombe. Hawa wote ni wanyama waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa moja: wasichoke, wawe macho, na wapende kufanya kazi pamoja na binadamu kutwa nzima. Polisi na majeshi wanawapenda kwa sababu hiyo hiyo. Ila mbwa wa polisi ana mwalimu wake, ana ratiba, ana mazoezi kila siku.

Sasa mchukue mnyama huyo umfungie katika banda la bati tangu alfajiri mpaka saa nne usiku. Nguvu zile haziondoki kwa kufungiwa. Atachimba, atatafuna mlango, atazunguka mahali pamoja kama aliyerukwa na akili, atabweka mpaka majirani wakose usingizi. Akifunguliwa na kumwona mtoto anakimbia, ile silka ya kuswaga mifugo inaamka, naye atamfukuza na pengine kumng'ata kisigino. Wapo wanaodhani kumfungia ndiko kunakomfanya awe mkali, hivyo awe mlinzi bora. Hilo ni kosa. Mbwa asiyezoezwa kuona watu hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi.

Hapa ndipo sheria yetu inapoonesha hekima yake. Hadithi inayotaja kupungua kwa thawabu za mwenye kufuga mbwa kila siku imewavua mbwa wa mifugo, wa kuwindia na wa shamba. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kuwa wanazuoni walikhitalifiana kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, naye akaona kauli sahihi zaidi ni kuwa inajuzu, kwa kukisia na hao watatu. Tuangalie vizuri: wote waliovuliwa ni mbwa wenye kazi. Ruhusa imefungamana na kazi. Basi anayemnunua mbwa wa kazi halafu akamnyima kazi, akamweka kwa fahari ya kuonekana naye, ruhusa hiyo anaishikilia kwa hoja gani?

Watakuwepo watakaosema, mbwa ni mbwa tu, na haki za wanyama ni mambo ya Wazungu waliokosa la kufanya. Kauli hii haina msingi. Tumefundishwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa khofu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Allah akamsamehe. Tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama kwa mwenye naye, ikiwamo kumhudumia hata akizeeka au akiugua na kutokuwa na manufaa tena. Hayo yaliandikwa karne nyingi kabla ya Bunge la Tanzania kutunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Wengine hujificha nyuma ya unajisi. Ni kweli, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hukumu hiyo inahusu kuosha. Haikumwondolea mtu wajibu wa kumpa mbwa wake maji, kivuli na nafasi ya kukimbia. Unajisi haufuti rehema.

Na kuna dhulma nyingine isiyosemwa. Baba ananunua mbwa, kisha anaondoka kwenda kazini. Anayebaki naye ni nani? Ni msichana wa kazi, anayemwogopa, anayesali, na ambaye hakuulizwa kama yuko tayari. Yeye ndiye atakayesafisha banda na kusogeza sahani kwa ufagio. Nyuma ya ukuta kuna jirani naye ana haki zake, na kuna watoto wanaopita kwenda madrasa. Mbwa akiruka ukuta, aliyeng'atwa ndiye atakayehangaika kutafuta sindano za kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mtu aihoji nafsi yake. Mbwa huyu atafanya kazi gani hasa? Nani atamtembeza na kumfundisha kwa saa moja au mbili kila siku, mvua na jua? Chanjo ya kila mwaka na daktari wa mifugo vimo katika bajeti? Nitaweza kuendelea hivyo kwa miaka kumi au zaidi, ambayo ndiyo umri wake? Mwenye shamba na ng'ombe kule Kibaha au Bagamoyo huenda akajibu ndiyo kwa moyo mkunjufu. Wengi wetu wa mjini, tukisema kweli, jibu ni hapana.

Hapana hiyo si kuiacha nyumba wazi. Tumeamrishwa kumfunga ngamia kisha tumtegemee Allah. Upo ukuta, ipo taa, upo ulinzi shirikishi wa mtaa, na kubwa kuliko yote yupo jirani unayesalimiana naye. Hata mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri tangu mdogo, asiyehitaji mbio za kutwa, anatosha kubweka mgeni anapokaribia.

Hofu ya mwizi ni hofu ya haki, na hakuna wa kumlaumu baba anayetaka wanawe walale salama. Lakini usalama wetu usijengwe juu ya mateso ya kiumbe asiyeweza kushitaki. Hapa duniani hana pa kupeleka malalamiko yake. Kesho mbele ya Mola wake, mwenye kumfungia ndiye atakayeulizwa.

Wallahu a'lam.