Bei ya Shamba na Haki ya Jirani

Mwaka 1858 lilianza kutolewa mjini London gazeti la Estates Gazette, nalo likawahudumia wafanya biashara wa majumba na viwanja kwa zaidi ya miaka 150. Kazi hiyo ni ya halali. Bei ikitajwa hadharani, mjane hapunjwi kwa urahisi, na dalali mwongo hukosa pa kujificha.

Lakini je, bei hueleza yote yaliyomo shambani? Tuitazame Kengeja, kusini mwa Pemba. Kwa desturi ya kisiwa hicho, mwenye mikarafuu aweza kuwa mtu mmoja, na mwenye udongo mwingine. Jirani huomba ruhusa ya kupanda muhogo chini ya miti. Mti wa kudumu haruhusiwi kuupanda, kwani mti humpa haki aliyeupanda. Tena sheria ya Zanzibar ya mwaka 1992 yasema kwamba ardhi ni mali ya umma. Mtu hupewa haki ya kuitumia.

Basi ajapo tajiri kutaja bei, atahesabu mikarafuu na kutazama njia ya gari. Muhogo wa jirani hatauhesabu, wala kuni aziokotazo bibi kizee. Je, muuzaji ameuza haki yake tu, au pamoja na riziki ya wengine?

Sisi twasema: biashara na iendelee, na bei itajwe waziwazi. Lakini kabla ya kupokea fedha, muuzaji hana budi kuuliza ni nani wengine walao katika shamba lile, nao wapewe muda wa kuvuna. Hata kama sheria haimdai hayo, dhamiri yamdai.